Daftari la Fundi na Kiuno cha Mtaro

Fundi alikuwa na cherehani tatu, na zote tatu zilisimama juu ya matofali. Mgeni akiingia dukani alidhani ni mtindo mpya wa mafundi. Haukuwa mtindo. Matofali yale yaliwekwa kwa sababu ya maji.

Nyumba yao ilikuwa chini ya mteremko, kando ya mtaro. Chumba cha mbele kilikuwa duka la ushonaji. Katika vyumba viwili vya nyuma waliishi Fundi, mke wake, mabinti zao wadogo pacha, na mama yake Fundi. Mke wa Fundi aliitwa Mama Pacha. Mama yake Fundi aliitwa Bibi na mtaa mzima, hata na watu waliomkaribia umri.

Mvua ikinyesha, mtaro ulijaa. Ukijaa, ulifurika. Ukifurika, maji yaliingia dukani bila kupiga hodi. Yaliingia na chupa, maganda, na ndala, tena siku zote za mguu wa kushoto. Siku moja yaliingia na bata wa watu, mzima, anaogelea kwa raha zake. Bibi alitaka abaki. Alisema huyo ni mgeni, hakuitwa na mtu, amekuja kwa miguu yake.

Kila mmoja nyumbani alijua kazi yake. Fundi alinyanyua vitambaa. Mama Pacha alichota maji kwa beseni. Bibi alipanda kitandani na redio yake, akatoa amri.

Lakini mvua iliyopita ilileta balaa. Gauni la bi harusi lilikuwa limetundikwa ukutani, limekwisha, linangoja mwenyewe. Maji yalipanda yakalikuta hapo hapo. Pindo lote likawa tope mpaka magotini. Bi harusi alilia. Mama yake bi harusi hakulia, alisema. Alisema mambo ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu cha watu wanaojifunza kusoma.

Jioni ile Mama Pacha aliweka beseni chini.

"Fundi, nisikilize vizuri. Dada yangu ana chumba kitupu kule juu mlimani. Mvua kubwa za mwaka ujao zikitukuta hivi hivi, mimi na cherehani yangu tunahama."

"Na mimi je?"

"Wewe utachagua. Mimi au mtaro."

"Mimi sihami," Bibi alisema kutoka kitandani. "Nimeshachoka kuhama. Mnizike hapa hapa, nikiwa na viatu vya mvua."

Fundi aliliokota beseni. Alijua mke wake hatanii. Alijua pia kwamba wateja wa miaka minane hawatapanda mlima kufuata kifungo kimoja. Duka lingekufa, na nyumba ingegawanyika vipande viwili.

"Nitakwenda tena kwa diwani," alisema.

Mama Pacha aliguna. Diwani ni mtu anayechaguliwa na wananchi wa kata ili awasemee katika vikao vya manispaa. Kata yao ilikuwa na diwani. Fundi alikuwa amemwendea mara nne kuhusu mtaro. Mara zote nne diwani alimshika bega, akamtazama machoni kwa huruma, akasema, "Nimelipokea." Kila mtu aliyepeleka shida alijibiwa hivyo hivyo. Mtaa ukampa jina, Bwana Nimelipokea. Alipokea mengi sana yule bwana. Hakuna aliyejua aliyaweka wapi.

Sasa niwaambie kuhusu daftari.

Fundi alikuwa na daftari jeusi lenye jalada gumu. Humo aliandika vipimo vya mtaa mzima: mabega, vifua, viuno, urefu wa mkono. Daftari lilijua nani amepungua na nani ameongezeka. Lilijua pia nani ameongezeka lakini bado anadai kipimo chake cha zamani. Fundi hakumwonyesha mtu ukurasa wa mwenzake, hata mara moja. Alisema fundi anayetangaza viuno vya watu atabaki kushona mapazia.

Bwana Nimelipokea naye alikuwa humo. Katika miaka mitano ya udiwani alishonewa suti tano. Kiuno chake kilianzia inchi thelathini na nne, sasa kilikuwa arobaini na tatu. Mama Pacha, ambaye alisaidia kupima, alipenda kusema kwamba angalau wao wawili wanajua alikokuwa anayaweka.

Basi ikafika miezi ya kuelekea uchaguzi. Asubuhi moja gari la matangazo lilipita mtaani polepole. Spika yake ilikuwa mbovu. Ilikwaruza, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Fundi alisikia hivi:

"Wananchi... daftari... kuhakiki... kila mtu... siku saba tu... msipuuze!"

Fundi aliacha mkasi. Akatoka mbio mpaka kwa kinyozi wa jirani.

"Wanasema nini hao?"

"Mambo ya daftari," kinyozi alijibu, wembe ukiwa kwenye shingo ya mtu. "Nasikia wanaangalia majina, umri, na namba."

"Namba gani?"

"Namba zote, nadhani."

Fundi alirudi dukani jasho likimtoka. Namba zote! Viuno vyote!

"Mama Pacha, wanakuja kuchukua daftari letu."

"Nani?"

"Serikali."

"Serikali inataka viuno vya watu vya nini?"

"Sijui. Lakini spika imesema kila mtu."

Mama Pacha ni mwanamke mwerevu. Siku nyingine angeuliza zaidi. Lakini alikumbuka viuno vingine vilivyomo mle, na cha mama yake bi harusi kimo, naye akaogopa. "Lifiche," alisema.

Fundi alilificha chini ya godoro la Bibi. Bibi alilalamika mbavu. Alilihamishia kwenye pipa la unga, likatoka jeupe, na kwa siku mbili wateja walipiga chafya. Mwisho alilifunga mgongoni mwake, ndani ya shati, kwa mpira wa kiunoni wa sketi. Akatembea nalo siku tatu nzima, amenyooka kama askari wa gwaride. Watu wakimuuliza alisema anaumwa mgongo. Bibi akamwandalia dawa ya kuchua, na Fundi akawa anamkimbia mama yake ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Siku ya sita mchana, dada mmoja aliingia dukani kinyumenyume. Alivaa kizibao cha kazi na kitambulisho shingoni.

"Shikamoo, Fundi. Zipu ya sketi imepasuka mbele ya foleni ya watu. Nimetoka kituoni kwa kurudi nyuma mpaka hapa. Nisaidie."

"Marahaba, mwanangu. Kituo gani?"

"Cha daftari. Mimi ni karani."

Fundi alikuwa na pini mbili mdomoni. Almanusura azimeze.

Mama Pacha alimpa Karani khanga ajifunge, akachukua sketi. Karani akakaa kwenye benchi, akatazama huku na huku, akauliza kwa upole, "Na nyie mmeshahakiki daftari?"

"Hatuna daftari," Fundi alisema haraka.

"Hamna?"

"Hatuna kabisa. Hatujawahi kuwa nalo. Hapa tunapima kwa macho."

Karani alimtazama. "Fundi, mbona mgongo wako una pembe?"

Fundi alinyooka zaidi. Wakati huo huo Bibi akatokea nyuma na chupa ya dawa, akasema, "Leo hunikimbii," akamvuta shati. Mpira wa sketi ukakatika. Daftari likaanguka sakafuni mbele ya miguu ya Karani, pwaa!

Fundi alilirukia akalilalia.

"Mnichukue mimi!" alisema. "Viuno vya watu sivitoi!"

Karani hakuelewa. Mama Pacha akamweleza, kwa aibu, mambo ya spika na kinyozi na namba zote. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka khanga ikafunguka, mpaka Bibi naye akacheka bila kujua kisa.

"Jamani," Karani alisema akifuta macho. "Ni daftari la wapiga kura! Ni kitabu chetu sisi, chenye majina ya watu wote waliojiandikisha kupiga kura. Kuhakiki ni kuja kuangalia kama jina lako limo, kama limeandikwa sawa, na kama limo kwenye kata unayoishi sasa. Basi. Kiuno chako hatukihitaji."

Fundi aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi.

"Mimi na kura tuliachana," alisema kwa ukali, kwa kuwa mtu akichekwa hutafuta pa kukasirikia. "Uchaguzi uliopita nilipanga foleni tangu alfajiri. Nilipofika mbele wakaniambia jina langu halimo. Kura yangu iliibiwa."

"Kabla ya kuhamia hapa mlikuwa mnaishi wapi?"

"Upande wa pili wa jiji. Karibu na kiwanda cha sabuni."

"Na mlijiandikisha huko?"

"Huko huko, kabla ya kuhama miaka minane iliyopita."

"Mlipohama, mlikuja kuhamisha taarifa zenu?"

Fundi na Mama Pacha wakatazamana.

"Tulihamisha kabati," Mama Pacha alisema. "Tulihamisha kuku."

"Basi kura yako haikuibiwa, Fundi. Iko kule kwenye sabuni. Inakungoja miaka minane sasa."

Fundi alikaa chini. Miaka mitano alikuwa ameilaani serikali, tume ya uchaguzi, diwani, na yule mzee wa foleni aliyemwambia arudi nyumbani. Kumbe kosa lilikuwa lake. Aliona aibu, na alistahili.

"Sasa imeshindikana?" Mama Pacha aliuliza.

"Haijashindikana. Njooni na kadi zenu za zamani za mpiga kura. Tutahamishia taarifa kwenye kata hii, ni bure. Lakini kesho saa kumi jioni tunafunga. Baada ya hapo hata mkilia, siwezi."

Kesho yake duka lilifungwa mchana. Wakaenda wote watatu kwenye shule ya msingi, kwenye darasa la watoto wadogo. Madawati yalikuwa ya chini sana. Watu wazima walikaa magoti yakiwa karibu na masikio, wakingoja kuitwa.

Fundi alihamishwa. Mama Pacha alihamishwa. Ikaja zamu ya Bibi. Karani akatazama kadi, akatazama mashine, akamtazama Bibi.

"Bibi, hapa umeandikwa mwanamume."

Darasa zima likageuka.

"Tangu lini?" Bibi aliuliza.

"Tangu ulipojiandikisha."

"Mimi nimezaa watoto saba. Niliwazaa kama nani?"

"Ndiyo faida ya kuhakiki, Bibi. Ni kosa la mwandishi. Nalirekebisha sasa hivi."

"Rekebisha na umri pia, mama. Punguza kidogo."

"Huo siwezi."

Walipomaliza, Bibi alimwinamia Karani. "Haya mwanangu, sasa tumpigie nani?"

"Hilo siwezi kukuambia, Bibi. Na mtu mwingine asikuambie. Siku ile utaingia peke yako, utaweka alama kwa mgombea mmoja tu, utakunja karatasi. Ukiweka kwa wawili, kura imeharibika. Kura ni siri yako."

"Siri kama viuno?" Fundi aliuliza.

"Kuliko viuno, Fundi. Kiuno kinaonekana."

Fundi alilipenda jibu hilo. Akauliza lingine. "Lakini nitajuaje nani atatutengenezea mtaro? Wote wanaahidi. Wanaahidi mpaka mtu unaona haya kwa niaba yao."

Karani alifikiri kidogo. "Nendeni kwenye mkutano wa wagombea. Msiulize, 'Utatusaidia?' Kila mtu atasema ndiyo. Ulizeni kitu kinachopimika."

Kinachopimika! Neno hilo lilimwingia Fundi sawasawa. Hakulala nalo bure. Asubuhi yake alichukua utepe wa kupimia na daftari jeusi, akamwita mkewe, wakashuka mtaroni.

"Shika hapa," alimwambia Mama Pacha. Yeye akashika upande wa pili. "Upana, inchi arobaini. Andika. Kina, inchi thelathini. Andika."

Watu walijaa. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu.

"Fundi, unamshonea mtaro suti?"

"Namshonea. Wewe kanyoe watu."

Walipima mbele ya duka, wakapima kwa kinyozi, wakapima kwa muuza mkaa. Kote arobaini. Wakashuka mpaka kwenye barabara kuu, mahali mtaro unapopita chini ya lami ndani ya kalavati, yaani bomba kubwa la saruji. Ila hili halikuwa kubwa. Fundi alipima mara moja, akapima tena, akapiga magoti akapima mara ya tatu.

"Inchi kumi na mbili," alisema.

"Haiwezekani."

"Pima mwenyewe. Mama Pacha, huyu mtu ana kifua cha arobaini na kiuno cha kumi na mbili!"

"Hakuna mtu wa namna hiyo."

"Ndiyo maana anatapika dukani kwetu!"

Kwa miaka minane walikuwa wakilaumu takataka. Takataka zilikuwepo kweli, na kila mtu mtaani alikuwa na zake alizotupa, tusidanganyane. Lakini hata mtaro ungefagiliwa ukang'aa, maji ya inchi arobaini yasingepita kwenye tundu la kumi na mbili. Fundi alirudi dukani akapima na alama za tope ukutani. Mvua ya mwaka juzi, inchi tisa. Mwaka jana, kumi na nne. Ile ya bi harusi, ishirini na moja. Akaandika yote ukurasa mpya, chini ya jina la mteja: Mtaro.

Karani alipokuja kuchukua sketi, Fundi alimwonyesha ukurasa ule, na ule tu.

"Mmefanya kazi ya maana," Karani alisema. "Sasa mnajua kwa nini miaka yote imeshindikana? Ile barabara kuu ni mpaka. Upande huu manispaa yetu, upande ule manispaa nyingine. Jiji ni moja, lakini lina manispaa tano, kila moja na madiwani wake. Kalavati liko katikati. Hawa wanasema ni la wale, wale wanasema ni la hawa."

"Na maji yanasema ni ya kwetu," Mama Pacha alisema.

"Ndivyo. Diwani peke yake hachimbi kalavati. Kazi yake ni kulipeleka kwenye kikao cha manispaa, liingie kwenye mpango na bajeti, na kuzisukuma manispaa zote mbili zikae meza moja. Kwa hiyo muulizeni mgombea, atakaa na nani, na lini."

Mkutano wa wagombea ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Bwana Nimelipokea, katika suti yake ya tano. Wa pili alikuwa muuguzi mstaafu wa zahanati ya kata, mama mfupi mwenye sauti ya chini, aliyewahi kuwachoma sindano nusu ya watu waliokuwepo. Wengi walikaa kwa uangalifu alipowatazama.

Watu wa Bwana Nimelipokea walikuwa wamepita asubuhi wakigawa fulana zenye picha yake. Mama Pacha alikataa. "Kura yangu haina bei ya fulana," alisema, "na hii kola imeshonwa na mlevi." Bibi aliipokea ya kwake. "Nimelipokea," alisema, akaifanya dekio.

Ulipofika wakati wa maswali, Fundi alisimama. Alipewa kipaza sauti. Akafungua daftari jeusi, akageuza kurasa kutafuta ule wa mtaro. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano.

"Mimi... nina vipimo hapa," alianza. "Nimepima mwenyewe. Kwa mkono wangu. Na leo nitavisoma mbele ya watu wote."

Bwana Nimelipokea aliliona lile daftari. Alilifahamu vizuri sana. Alilitazama, akajitazama tumbo, akasimama ghafla.

"Fundi! Tuheshimiane!"

"Nasoma tu, mheshimiwa. Wananchi wana haki ya kujua. Kiuno..."

"Nakubali!" Bwana Nimelipokea alipiga kelele. "Nakubali kila kitu! Hakuna haja ya kusoma!"

"Unakubali nini?" Mama Pacha aliuliza kutoka kwenye umati.

"Lolote lililoandikwa humo! Nitalishughulikia! Nitapunguza!"

"Utapunguza?" Fundi alishangaa. "Mheshimiwa, sisi tunataka kiuongezwe. Kiuno cha mtaro."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Kinyozi alianguka kutoka kwenye benchi. Bwana Nimelipokea alikaa, na kifungo cha koti, ambacho Fundi alikuwa amemwonya juu yake, kikaruka kikaenda zake. Nasema kweli, nilimhurumia. Lakini si sana.

Fundi alipopata tena kipaza sauti, hofu ilikuwa imemtoka. Alisoma vizuri, namba moja baada ya nyingine. Akamaliza hivi: "Mtaro ni inchi arobaini. Kalavati ni inchi kumi na mbili. Liko kwenye mpaka wa manispaa mbili. Swali langu, mtakaa na nani upande wa pili, na lini?"

"Nimeli..." Bwana Nimelipokea alianza. Umati ukammalizia kwa pamoja.

Muuguzi alikuwa anaandika. "Rudia hiyo alama ya tatu ya tope, Fundi. Ishirini na ngapi? Moja. Ahsante." Akainua kichwa. "Sitawadanganya. Sikujua kuhusu kalavati mpaka leo. Sina hakika ni la nani. Nikichaguliwa, mwezi wa kwanza nitawaomba madiwani wa upande ule tukutane pale pale barabarani, na wahandisi wa pande zote mbili. Nitahitaji nakala ya ukurasa huu. Na mje kwenye vikao vya manispaa mnisikie nikisema. Nikinyamaza, mnajua ninapokaa."

Watu hawakupiga makofi sana. Jibu lake halikuwa tamu. Lakini wengi waliondoka wakilijadili, na hilo mkutano wa kampeni hauzoei.

Siku ya uchaguzi Bibi alitangulia foleni akiwa na kadi yake mpya, akimwonyesha kila mtu mahali palipoandikwa mwanamke. Alikaa ndani ya kibanda cha kura muda mrefu mpaka wakadhani amelala. Alipotoka, Fundi akamuuliza, "Mama, umempa nani?"

"Karani hakukuambia? Kiuno kinaonekana, kura haionekani."

Muuguzi alishinda kwa tofauti ya kura ishirini na sita. Mpaka leo ukipita mtaani utakutana na watu zaidi ya mia wanaodai kwamba zile ishirini na sita ni za nyumbani kwao.

Naomba msidhani hadithi imekwisha hapo, maana ndipo Mama Pacha alipoanza kuchoka kweli. Kupiga kura kulichukua asubuhi moja. Kufuatilia kulichukua miezi saba. Muuguzi alitimiza ule mkutano wa barabarani, na wahandisi wa pande mbili wakabishana mbele ya kalavati mpaka wakakauka midomo. Mama Pacha alihudhuria vikao vya manispaa, akakaa kwenye viti vya wananchi na sindano yake, akishona vifungo huku akisikiliza. Kikao cha tatu walitaka kuliondoa kalavati kwenye bajeti. Muuguzi akasimama. Mama Pacha naye akasimama, ingawa hakuruhusiwa kusema. Alisimama tu, na daftari jeusi kifuani. Kalavati likabaki. Manispaa mbili zikagawana kazi, hii ikachimba upande huu, ile upande ule. Wakaweka jipya, la inchi arobaini na nane. Fundi alilipima kabla saruji haijakauka, msimamizi akimfukuza. Na mtaa ukapanga zamu ya kusafisha mtaro kila Jumamosi. Wa kwanza kukosa zamu alikuwa kinyozi, na alisemwa.

Kisha mawingu yakaja. Mvua kubwa zenyewe, zile alizozitaja Mama Pacha.

Zilianza mchana, kwa kishindo. Fundi alinyanyua vitambaa vyote kwa mazoea, akasimama mlangoni. Mtaro ulijaa. Maji yalipanda mpaka ukingoni, mekundu, yanakwenda kasi. Fundi alihesabu moyoni. Muda ambao siku zote maji huwa yameshafika kwenye kizingiti ukapita. Ukapita mwingine. Maji yalikuwa yanakwenda tu, kuelekea barabara kuu, hayana habari na mtu.

Alitaka kumwita mke wake aone. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko maneno aliyokuwa nayo.

Nyuma yake alisikia mlio. Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, anashona gauni jeupe. Hakuwa ameinua kichwa hata mara moja.

"Fundi," alisema, "umesimama hapo unangoja nini? Funga mlango. Manyunyu yananilowesha kitambaa."

Kwa miaka minane hawakuwahi kufunga mlango ule mvua ikinyesha. Maji yaliyoingia yalihitaji pa kutokea. Komeo lilikuwa limeshika kutu, na Fundi alilisukuma mara mbili kabla halijaingia.

Akafunga mlango.